Mlango wa Fundi Umeme

Skrubu ya juu ndiyo iliyogoma. Zile nyingine zilikubali baada ya kubembelezwa kidogo, zikatoka na vumbi lao la kutu, lakini ile ya juu kabisa, kwenye bawaba ya kwanza, iling'ang'ania mbao kama mtoto anayekataa kubanduliwa shingoni mwa mama yake. Fundi aliegemeza paji la uso kwenye ubao, akaikamata bisibisi kwa mikono miwili, akasukuma huku akizungusha. Alikuwa ameishindilia mwenyewe skrubu ile miaka minane iliyopita, kwa haraka, na sasa alikuwa akipambana na nguvu zake mwenyewe.

Hatimaye ikalegea. Mlango ukamwegemea begani na uzito wake wote, akaubeba mpaka sebuleni na kuulaza juu ya viti viwili vilivyotazamana. Kisha akarudi kusimama koridoni na kukitazama chumba. Chumba kisicho na mlango kinatia haya, kama mtu aliyekutwa hajavaa. Kitanda kidogo kilikuwa kimetandikwa. Chini yake vilikuwapo viatu vya shule, kimoja kimesimama, kingine kimelala ubavu, na tangu msiba hakuna aliyekuwa na moyo wa kukisimamisha.

Mkewe alikuwa aje Jumamosi. Alikuwa amemwambia hivyo kwa simu, kwa sauti ya mtu anayeongea na ofisi: atapita mchana kuchukua nguo zake zilizobaki, kisha atarudi kwa dada yake. Hakusema atakaa huko mpaka lini, na fundi hakuwa na ujasiri wa kuuliza. Ila alikuwa amejiaminisha jambo moja, na kwa siku zote hizo alilishikilia kama mtu anayezama anavyoshikilia kamba: mkewe akifika akaukuta mlango umegeuzwa, nguo zitabaki kabatini, na mwenye nguo atabaki nazo.

Sasa, yafaa isemwe wazi kwamba mlango ule ulikuwa umewekwa kinyume, na aliyeuweka kinyume si mwingine bali fundi milango mwenyewe. Mtu huyu alikuwa ametundika milango ya madarasa, ya maofisi, ya nyumba za watu wenye kujua kudai kazi nzuri, na sifa yake ilikuwa kwamba milango yake haina kelele. Wa kwake nyumbani ndio uliomtia aibu. Siku alipokuwa akiutundika, plasta ya chumba ilikuwa ndiyo kwanza imekauka, na mkewe alikuwa chumba cha pili akitembea huku na huku, mikono kiunoni, akiita kila uchungu ulipomjia: "Bado tu?" Fundi alitaka mtoto akirudi kutoka hospitali akute chumba chenye mlango, chumba cha kustahili mtu. Akapima kwa macho badala ya futi. Akachonga mahali pa bawaba upande wa kulia, palipostahili kuwa kushoto, akashindilia skrubu zote kwa pupa, akamkimbiza mkewe kujifungua.

Waliporudi wakiwa watatu ndipo walipogundua. Mlango ukifunguliwa ulikwenda kuulalia ukuta uleule wenye swichi ya taa. Ukiingia jioni ilikubidi uingie gizani, uuzunguke mlango, kisha upapase nyuma yake kama mwizi ndipo upate mwanga.

"Fundi mzima!" mkewe alisema siku hiyo, mtoto mikononi, akicheka na kuugulia maumivu kwa pamoja. "Kwa watu unanyoosha, kwako unapinda."

"Kesho nitaugeuza."

Kesho hiyo ikaota meno. Ikatambaa, ikasimama dede, ikaanza kutamka maneno, ikavaa sare na kwenda shule. Kila mgeni aliyefika alisimuliwa habari za mlango, na kila aliposimuliwa fundi aliinua mikono kama mshtakiwa aliyekiri kosa, na kila mtu akacheka. Ilikuwa aibu tamu, ya kuliwa pamoja na chai.

Binti yao ndiye aliyegundua faida ya kosa lile. Alikuwa bado mdogo wa kupanda kigoda ndipo aifikie swichi, alipotambua kwamba kati ya mlango uliofunguliwa na ukuta kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja mfupi, na kwamba nafasi hiyo ndiyo yenye mamlaka juu ya mwanga wa chumba kizima. Tangu hapo, baba yake akirudi kazini, yeye alikimbia kujibanza pembeni mle, akazima taa, akasubiri. Baba alitakiwa abishe hodi.

"Nani?"

"Fundi wa milango."

"Umekuja kugeuza mlango?"

"Kesho."

"Basi kaa gizani!"

"Nimekaa."

Hapo kilisikika kicheko kilichokuwa kimebanwa muda mrefu, kisha tak! ya swichi, na chumba kikajaa mwanga, na ndani ya mwanga akawa amesimama mtu mwenye pengo la meno mawili ya mbele. Baba akamwita Fundi Umeme. Jina likatoka nje ya nyumba, likazunguka mtaa, likarudi limewabadilisha wote: yeye akawa Baba Umeme, mkewe akawa Mama Umeme, na punde hata wao wenyewe walikuwa wakiitana hivyo, mpaka majina yao mengine yakachakaa kwa kukosa matumizi.

Kwa ajili ya mchezo ule nyumba nzima ilijifunza adabu. Mlango ule haukusukumwa. Uliufungua taratibu, nusu tu, ukasikiliza kwanza kama kuna pumzi nyuma yake. Mgeni akiufuata kwa haraka aliambiwa, "Polepole, kuna mtu." Hata saa za asubuhi, mtoto akiwa shuleni na kila mmoja akijua yuko shuleni, mama yake alipoingia kufagia aliufungua nusu.

Homa ilikuja kama homa zote za watoto, ya kumlaza leo na kumwamsha kesho. Haikumwamsha. Walimfikisha hospitali mapema, wauguzi walijitahidi, daktari alijitahidi na mwishoni aliondoka mbele yao akiwa ameinamisha kichwa, na hakukuwa na mtu wa kulaumiwa. Hilo lilimuumiza fundi kuliko kama angempata wa kumlaumu. Mtu aliyezoea kutafuta kosa lilipo, mbao imepinda wapi, skrubu imekaa vibaya wapi, alirudi nyumbani na msiba usio na kosa ndani yake.

Baada ya watu kutawanyika na viti vya kuazima kurudishwa, nyumba ikabaki na wawili wasiojua waitane nani. Baba Umeme na Mama Umeme hayakutamkika. Wakawa wanasema "wewe", au wanaingia chumba alimo mwenzake na kuanza tu kuzungumza juu ya sabuni na mkaa. Fundi alijizika kazini. Akirudi jioni, akihitaji kitu kilichohifadhiwa chumbani mle, aliusukuma mlango mpaka mwisho, ukagonga ukuta, akaingia akachukua alichofuata akatoka. Mkewe alikuwa jikoni.

Kisha siku moja alirudi adhuhuri kufuata futi aliyoisahau. Nyumba ilikuwa kimya, akadhani mkewe ametoka. Akausukuma mlango kama alivyozoea, na mlango haukufika ukutani. Ulipiga kitu laini, na nyuma yake mtu akaguta.

Kwa muda wa kupepesa jicho moyo wake uliamini. Hilo hakumwambia mtu yeyote. Kwa muda mfupi kuliko pumzi, moyo wake ulisahau kila kitu na kuruka kama ulivyokuwa ukiruka kila jioni, kisha akachungulia na kumwona mkewe, amejishika paji la uso, macho mekundu.

"Unafanya nini huku?" aliuliza, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyokusudia, kwa sababu alikuwa ametoka kunyang'anywa kitu kwa mara ya pili.

Mkewe aliinuka. "Mlango huu umenishinda," alisema. "Siwezi kuusikia tena." Kesho yake akafunga begi dogo na kwenda kwa dada yake.

Fundi alilala na maneno hayo na kuamka nayo. Mlango umemshinda. Bila shaka! Kuzunguka, kupapasa nyuma ya mlango, kuifikia swichi ile kwa mkono, na kila ukiigusa ukumbuke ni mkono gani ulioizoea. Hata yeye ilikuwa ikimchoma. Na ni yeye aliyeahidi kuugeuza tangu mtoto angali mchanga, akapiga chenga mwaka hadi mwaka. Basi hapo, katika msiba usio na kosa, alikuwa amepata kosa hatimaye, tena la mikono yake, la kurekebishika kwa patasi na gundi. Nusura afurahi.

Hivyo ndivyo alivyofika asubuhi hii akiwa na mlango sebuleni juu ya viti. Alichonga vipande vya mbao vya kuziba mahali pa bawaba za zamani, akavipaka gundi, akavigonga taratibu mpaka vikakaa sawa na mwimo. Akahamia upande wa pili, akachora kwa penseli, safari hii akipima kwa futi, akipima tena, akipima mara nyingine kama mwanafunzi anayeogopa kuadhibiwa. Patasi ilimeza mbao kwa utulivu. Kazi ilikuwa nzuri. Mikono ilikuwa inajua, na kichwa kikapata kupumzika.

Alipoinuka kunyoosha mgongo ndipo alipoliona.

Dirisha la korido lilikuwa likiingiza jua la asubuhi, na kwa kuwa mlango haukuwapo, jua lilifika mpaka pembeni kule nyuma, mahali ambapo mchana kutwa palikuwa pamefunikwa na ubao. Ukutani, chini kidogo ya swichi, palikuwa na doa. Lilikuwa la mviringo, la rangi ya chai hafifu, lenye ukingo uliofifia, usawa wa mbavu zake. Huenda aliwahi kuliona bila kuliona. Akapiga magoti na kulisogelea, na pua yake ikamwambia kabla ya macho: mafuta ya nywele. Jioni baada ya jioni, akisubiri hodi ya baba yake, mtoto alikuwa ameegemeza kisogo ukutani.

Alikuwa bado amepiga magoti aliposikia viatu koridoni. Ni rafiki yake mpakaji rangi, ambaye mafundi wote walimwita Brashi, mtu wa maneno mengi na miguu mirefu, aliyekuwa ameombwa apite na kopo moja la rangi kuondoa alama za patasi.

"Jamani, jamani!" Brashi alisema, akiwa ameuona mlango sebuleni. "Leo jua limetokea wapi? Mlango umegeuzwa! Niite majirani au niite magazeti?"

"Ingia, Brashi."

"Naingia vipi bila kubisha? Si kuna mwenyewe wa..." Akajishika mdomo. Yeye pia alikuwa amewahi kukaa gizani mara nyingi, na kuulizwa jina lake na kazi yake. "Nisamehe, ndugu yangu. Ulimi hauna breki."

"Si kitu."

Brashi akaja kuchuchumaa kando yake, akaona anachokitazama. Akagusa ukingo wa doa kwa ncha ya kidole, akakinusa kidole, na kwa kuwa alikuwa fundi alijibu kwanza kifundi. "Mafuta haya. Rangi ya maji haiyafuniki. Utapaka leo, mwezi ujao yatarudi juu. Ukitaka yaishe moja kwa moja inabidi tutangulize rangi ya mafuta, ninayo kidogo, kisha..." Akavua kofia, akaipakata.

"Anakuja Jumamosi," fundi alisema. "Sitaki akute kitu cha kumuumiza."

"Basi nipake?"

"Nipe nipake mwenyewe."

Brashi alikoroga kopo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akachovya, akampa. Fundi akaiinua brashi. Tone moja likadondoka juu ya goti lake. Ukuta ule alikuwa ameujenga yeye, akaupiga plasta, akaupaka, na katika nyumba nzima hakuna alama nyingine ambayo binti yake aliiacha bila kujua kwamba anaiacha. Picha zake alizichora ili zionekane. Madaftari yake aliyaandika ili yasahihishwe. Hili alilitengeneza kwa kusubiri tu.

"Funga kopo," alisema.

"Niache hivi?"

"Acha hivi. Njoo unishikie mlango nifunge bawaba."

Wakautundika pamoja, na Brashi hakufanya mzaha mwingine mpaka anaondoka. Mlango ulikaa vizuri ajabu. Ulifunguka kwenda kushoto, mwepesi, bila mlio, na swichi ikawa pale mkono wa kulia wa mtu anayeingia. Pembe ya nyuma ikabaki wazi na doa lake, kila mwenye macho alione. Fundi alifungua, akafunga, akafungua, akafunga. Ilikuwa kazi aliyopaswa kuifanya miaka minane iliyopita, na alipomaliza hakujisikia vyovyote.

Jumamosi mkewe alifika jua likianza kupungua ukali. Alikuwa amekonda. Alibeba begi kubwa tupu, lililokunjamana ubavuni kama kitu kisicho na mfupa, akaliweka juu ya kiti cha sebuleni.

"Hujambo," alisema.

"Sijambo. Dada yako hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Utakunywa chai?"

"Baadaye, labda."

Wakasimama. Fundi alikuwa amepanga aanze kwa maneno fulani mazuri, lakini yalimkimbia yote, akabaki kusema, "Kuna kitu nataka ukione," na kutangulia koridoni, moyo ukimwenda mbio kama wa mtoto aliyemaliza kazi ya shule na anataka isahihishwe sasa hivi.

Akaufungua mlango. Akaingia, akasimama kando ili mkewe aone. "Tazama. Swichi hii hapa. Huhitaji kuzunguka tena, huhitaji kupapasa." Na ili kuonyesha, akaibonyeza.

Tak.

Mchana ule mwanga wa taa haukuonekana, ila mlio ulisikika, na wote wawili waliutambua. Mkewe alishika mwimo. Aliitazama pembe iliyokuwa wazi, kisha viraka vya mbao vilivyozibwa vizuri, kisha mume wake.

"Nani alikuomba?" aliuliza.

"Wewe. Miaka yote."

"Mara ya mwisho nilikuomba lini?"

Akafungua kinywa kujibu. Alikuwa na uhakika kwamba anakumbuka, kwamba ni juzi tu, kwamba sauti ya kuulizwa juu ya mlango ilikuwa haijatoka masikioni mwake. Akaitafuta sauti hiyo, akaifuata nyuma, mwaka mmoja, miwili, mitatu, na kila alipoifikia ilikuwa ni ile ndogo, ya gizani, yenye pengo la meno. Ya mkewe hakuipata.

"Niliacha kukuomba tangu alipoanza kusimama pale," mkewe alisema. "Mbele za watu nilikuwa nakutania tu. Siku moja uliwahi kutoa patasi kweli, unakumbuka? Nikakutuma sokoni, nikaificha."

"Lakini ulisema mlango umekushinda. Ulisema huwezi kuusikia."

"Mlango ulikosa nini?" Sauti yake ilipanda, ikapasuka. "Mlango si wewe ndiye uliyekuwa unausukuma? Kila jioni. Mimi niko jikoni nasikia, paa! Mpaka ukutani. Kama vile nyuma yake hakuna mtu. Baba Umeme, miaka yote aliyoishi mtoto wangu, mlango ule haukugonga ukuta hata siku moja."

Jina lilikuwa limemtoka bila kukusudia. Likasimama katikati yao, na hakuna aliyethubutu kuliokota. Fundi akakaa kwenye ukingo wa kitanda kidogo, mahali ambapo tangu msiba hakuwa ameketi.

"Ukienda kazini," mkewe aliendelea, taratibu sasa, "nilikuwa naingia humu, naufungua nusu, nasimama nyuma yake. Naegemeza kichwa pale pake. Ilinibidi nipige magoti ili nifikie. Mlango ulinifunika. Ni mahali pekee nyumba hii palipokuwa na uficho, nikalia nikamaliza, nikatoka kupika. Sasa umepaweka wazi." Akaionyesha kwa mkono pembe ile iliyojaa mwanga wa mchana. "Nitajificha wapi?"

Fundi alilia. Hakulia siku ya mazishi, alikuwa na kazi ya kupokea watu na kuonyesha mahali pa viti, na baadaye alijikaza kisabuni mpaka akadhani machozi yake yamekauka. Sasa yalimtoka yote, bila utaratibu, na kamasi na kwikwi, mbele ya mke ambaye alikuwa amekuja kuchukua nguo.

"Nikiufungua taratibu, nasikiliza," alisema alipoweza. "Unajua ilivyo. Ukiufungua nusu, sikio lenyewe linasikiliza. Na nikisikiliza, nasubiri. Kila jioni nasubiri aniulize mimi ni nani. Nikaona bora kelele iwahi, kabla sikio halijaanza."

Mkewe alikuwa amevuka chumba, amechuchumaa mbele ya ukuta, na kiganja chake kilikuwa karibu na doa bila kuligusa.

"Hukulifuta," alisema.

"Brashi alileta rangi. Niliishika mkononi kabisa. Sikuweza."

Akalegeza mabega. Hakugeuka, wala hakumwambia ahsante, lakini fundi aliyaona mabega yakishuka, na ilimtosha kupata nguvu ya kusimama.

"Naurudisha," alisema, akijifuta uso kwa mkono wa shati. "Sasa hivi. Viraka vinatoka, gundi haijashika sana. Nitaurudisha ulivyokuwa, kinyume vilevile."

Akatoka haraka kwenda kutafuta vifaa vyake. Sebuleni begi tupu lilikuwa palepale juu ya kiti. Kisanduku cha vifaa alikiacha uani, na patasi aliyoihitaji ilikuwa imeangukia nyuma ya pipa la maji, ikabidi aitafute kwa kuinama na kupapasa, na kwa kuwa macho yalikuwa bado yanatiririka alichukua muda mrefu, akiketi kila mara kujifuta. Alipoipata jua lilikuwa limezama nyuma ya mapaa. Akaipangusa, akaitia kisandukuni, akarudi ndani.

Korido ilikuwa na kiza. Mlango ulikuwa umefungwa, na hakuna mwanga uliopita chini yake.

Alisimama na kisanduku mkononi. Ungekuwa mlango mwingine angeusukuma. Akauinua mkono wa kulia na kubisha, polepole, kwa kifundo cha kidole kimoja.

Alisikia nguo zikikwaruza ukutani, kule pembeni, chini.

"Nani?"

Ilikuwa sauti ya mkewe, nzito kwa kulia, ikijaribu neno ambalo halikuwa lake. Fundi alifumba macho.

"Fundi wa milango."

"Umekuja..." Sauti ilikatika. Akamsikia akivuta pumzi na kuanza upya. "Umekuja kugeuza mlango?"

Alikitazama kisanduku. Patasi ilikuwa juu kabisa, safi, tayari.

"Kesho," alisema.

Kisha, kwa sauti ndogo sana, "Basi kaa gizani."

Akakiweka kisanduku sakafuni bila kukigongesha. Akajishusha akiufuata ukuta mpaka akakaa chini, magoti juu, kisogo kimeegemea plasta, mlango ukiwa kati yake na mkewe.

"Nimekaa," alisema, na akasikiliza.